Kusoma meno ya difu: jinsi ninavyopanga kraunwili na pinioni

Karakana yangu iko Kariobangi Light Industries, Nairobi, na kazi inayonilisha zaidi ni difu, yaani gia za ekseli zinazopokea nguvu ya injini na kuigawia magurudumu. Hiace za matatu, Hilux za wakandarasi, mara mojamoja Land Cruiser iliyotoka upande wa Kajiado na vumbi limeingia hadi kwenye breki. Hapa nitaeleza ninavyopanga mgusano wa meno ya kraunwili (gia kubwa ya duara) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) kwenye zile difu za Toyota ambazo kichwa chake, sehemu inayobeba gia hizo, hutoka kizima kwa mbele, kwa kuwa ndizo zimejaa mjini na unaweza kuzifanyia kazi mezani ukiwa umesimama wima. Za aina nyingine hutofautiana zaidi mahali zinapokaa shimu, yaani pete nyembamba za chuma za kurekebisha nafasi ya gia. Namna ya kusoma meno ni ileile.

Usikimbilie spana. Dereva huja na neno moja tu, "inalia", na neno hilo halitoshi.

"Inalia ukikanyaga mafuta ama ukiachia?"

"Zote, mama, lakini ukiachia ndio mbaya. Tukishuka Mai Mahiu abiria wanageuka kuangalia nyuma."

Jibu la namna hiyo limeshanisaidia nusu ya kazi. Kila jino la kraunwili lina nyuso mbili. Uso uliobinuka nje hubeba mzigo injini inapovuta gari. Uso uliobonyea ndani hubeba mzigo gari linapoisukuma injini, kama kwenye mteremko ukiwa umeachia mafuta. Mlio unaotokea ukikanyaga unatoka upande wa kuvuta. Unaotokea ukiachia unatoka upande wa kuachia. Ukilia kwa vyote viwili bila kubadilika hata kidogo na mguu wako, anza kushuku vitu vingine: tairi zilizolika kwa mawimbi, au beringi ya gurudumu, ambayo hubadilisha sauti ukiyumbisha gari kushoto na kulia. Kishindo kimoja kizito wakati wa kuondoka mara nyingi ni yunivasali, kiungo cha propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu), na hiyo ni bei nafuu mno kuliko ninachoeleza hapa. Angalia pia kama kuna oili. Nimeona difu ikishitakiwa kwa kelele ilhali ndani hamna kitu isipokuwa harufu.

Kuna ujanja wa zamani wa wauza magari wa kutia unga wa mbao ndani ya difu ili inyamaze hadi mnunuzi aondoke. Ukifungua nati ya chini ukaona uji wa kahawia wenye nyuzinyuzi, usihangaike kupanga chochote. Meno hayo yamekwisha.

Kuhusu spea. Kirinyaga Road, ambako sisi sote bado tunapaita Grogan, utapata kraunwili na pinioni mpya na za mtumba kutoka Japani. Sharti langu ni moja: zije pamoja. Kiwandani huzisugua zikiwa pamoja mpaka zizoeane, kisha huandikwa namba inayolingana kwenye zote mbili. Muuzaji akikutolea kraunwili ya boksi hili na pinioni ya boksi lile, hata kama idadi ya meno ni sawa, mwambie asante na usonge duka la pili. Hesabu meno mwenyewe papo hapo kaunta: 41 kwa 10 ni uwiano wa 4.1, 43 kwa 11 ni 3.9. Kama gari linavuta magurudumu yote manne, uwiano wa nyuma lazima ulingane na wa mbele, la sivyo utavunja kitu kingine.

Kutoa kichwa cha difu sitakuchosha nako. Gari juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Mwaga oili, vuta sidi shafti (shafti za magurudumu), fungua propela, fungua nati za mzunguko. Kichwa ni kizito, kwa hiyo awepo mtu wa pili.

Kikishakaa kwenye vaisi, zuia mikono. Hapa ndipo vijana wengi huharakisha, wakabomoa kila kitu na kupoteza habari ambayo difu yenyewe ilikuwa imeihifadhi. Kabla ya kulegeza bolti yoyote pima beklashi, yaani ule mchezo mdogo kati ya meno. Paka rangi usome alama ya zamani, kwa namna nitakayoeleza chini. Piga picha kwa simu. Kisha weka alama ya ponchi kwenye vikombe viwili vinavyoshikilia beringi za pembeni, kimoja nukta moja, kingine nukta mbili, kwa sababu kila kikombe kilichongwa mahali pake na havibadilishani. Ukitoa pinioni, pima unene wa shimu iliyo chini ya beringi yake kubwa kwa maikromita na uandike namba ukutani. Mimi huandika ukutani kwa sababu karatasi hufutiwa mikono.

Shimu hiyo ya zamani ndiyo utakayoanza nayo, hata kama meno ni mapya. Kiwanda kiliichagua kwa ajili ya hausingi (ganda la difu) hiyo, na meno mapya mara nyingi hayatoki mbali nayo.

Kraunwili mpya huingia kwa kubana. Usiigonge. Ichemshe kwenye sufuria ya maji, ikifika karibu nyuzi 100 itapanuka kiasi cha kukaa yenyewe. Itoe, ifute haraka unyevu wote hata kwenye matundu ya bolti, ilinganishe na matundu ya keji (kikapu kinachoibeba), iteremshe. Usitumie gesi ya kuchomelea, maana utaharibu ugumu wa chuma. Ikipoa kaza bolti kwa mkingamo, kidogokidogo, hadi 97 Nm kwa difu ya Toyota ya inchi 8. Kisha zungusha ukiwa na dayo geji, ile saa ya kupimia mwendo mdogo, mgongoni mwa kraunwili. Ikiyumba zaidi ya 0.1 mm, kuna uchafu umebanwa katikati au keji imepinda, na hakuna alama utakayoisoma ikaeleweka.

Sasa pinioni. Kwa majaribio ninaifunga bila ile slivu ya kubonyea (bomba fupi linalobonyea ili kuzipa beringi ukazo) na bila oili sili (mpira wa kuzuia oili isivuje), na ninakaza nati taratibu mpaka beringi zipate ukazo mdogo. Slivu hutumika mara moja tu, na kwa kuwa huenda ukaitoa pinioni mara kadhaa kubadilisha shimu, kuiweka sasa ni kuitupa. Kubadilisha shimu kwenyewe ni kazi ya presi kila mara, isipokuwa ufanye ninavyofanya mimi: chukua beringi ya zamani ya aina ileile, lisugue tundu lake la ndani kwa jiwe dogo la grainda mpaka ipite kwenye shafti kwa mkono. Hiyo inakuwa beringi ya majaribio. Unabadilisha shimu bila presi, na beringi mpya inaingia siku ya mwisho tu.

Rudisha kraunwili na keji yake, vikombe vilingane na alama za ponchi, nati kubwa za kurekebisha pande zote mbili ziingie kwa mkono bila kulazimishwa. Kuanzia hapa kila mwendo wa kraunwili hufanywa kwa nati hizo. Ukitaka kuisogeza, legeza upande mmoja jino moja la nati, kaza upande wa pili jino lilelile moja, ili ukazo wa beringi usibadilike. Weka ncha ya dayo geji kwenye jino la kraunwili, karibu na mwisho wa nje, ikiwa imesimama wima dhidi ya uso wa jino. Shika flanji ya pinioni (kisahani cha mwisho wake kinachofungwa propela) isisogee, tikisa kraunwili mbele na nyuma. Toyota wanataka 0.13 hadi 0.18 mm. Pima sehemu tatu au nne za mzunguko, usiridhike na moja. Ukazo wa beringi za pembeni huja baada ya hapo: kaza nati ya upande usio wa meno mpaka mchezo wote uishe, kisha ongeza jino moja au moja na nusu la nati. Pima beklashi tena.

Rangi. Kitabu cha zamani kitakwambia utumie rangi nyekundu ya risasi. Risasi ni sumu, iache. Mimi hununua mjini, kwenye maduka ya vifaa vya wachoraji, tyubu ya rangi ya mafuta ya njano, nikaichanganya na grisi kidogo. Njano huonekana vizuri juu ya chuma cheusi chini ya taa mbovu. Safisha meno kwanza kwa petroli na uyakaushe. Paka meno matatu au manne, nyuso zote mbili, na urudie hivyo sehemu tatu tofauti za mzunguko. Paka kama bahili anavyopaka siagi kwenye mkate. Rangi nene hukamuliwa ikajaa kila mahali, na utadhani meno yanagusana pazuri kumbe ni rangi tu imetapakaa.

Halafu mpe kraunwili mzigo. Bila mzigo meno hupapasana tu, na alama inakuwa ya uongo. Mwanafunzi wangu hukandamiza kipande cha mbao mgongoni mwa kraunwili wakati mimi nazungusha flanji kwa spana ndefu, kwanza upande mmoja mpaka meno yaliyopakwa yapite mara kadhaa, kisha upande mwingine. Mbao, si mkono. Meno hayo hayachagui kidole.

Sasa soma, na usiwe na haraka. Mwisho wa nje wa jino, ule mnene, tunauita kisigino. Mwisho wa ndani, ulio karibu na katikati ya kraunwili, ni kidole. Juu ni kilele, chini ni shina. Alama nzuri ni doa lililochorwa katikati kati ya kilele na shina, kingo zake zikififia polepole. Kwa urefu likiwa katikati au limesogea kidogo upande wa kidole ni sawa, kwa sababu mzigo halisi wa barabarani hulisukuma kuelekea kisigino. Ukiona badala ya doa mstari mwembamba mkali ukingoni mwa jino, mgusano umetoka nje ya jino, na huo ndio utakaolia.

Anza na kimo: je, doa liko juu au chini? Urefu subiri. Doa likiwa kileleni, pinioni imekaa mbali mno na katikati ya kraunwili. Likiwa shinani, imeingia mno. Katika difu hizi shimu nene huisukuma pinioni ndani, shimu nyembamba huiacha irudi nyuma. Kuna difu nyingine ambazo shimu imekaa nyuma ya ringi ya nje ya beringi au kati ya hausingi na kisanduku cha pinioni, na hapo huenda mambo yakageuka, kwa hiyo kwanza angalia kwa macho unene unasukuma kuelekea wapi.

Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa sababu pinioni ikikosea haiharibu kimo peke yake. Ikiwa mbali mno, upande wa kuvuta doa hupanda kileleni na kukimbilia kisigino, huku upande wa kuachia likipanda kileleni na kukimbilia kidole. Ikiwa imeingia mno, upande wa kuvuta hushuka shinani kuelekea kidole, upande wa kuachia hushuka shinani kuelekea kisigino. Fundi anayeangalia upande mmoja tu ataona doa liko kisiginoni, ataisogeza kraunwili, doa litasogea kidogo, na atashinda siku nzima anakimbizana nalo.

Kwa hiyo nawafundisha vijana hivi: madoa ya nyuso mbili yakikimbilia pande tofauti, kosa ni la pinioni, badilisha shimu. Yakikimbilia upande mmoja, yote kisiginoni au yote kidoleni, kosa ni la kraunwili, rekebisha beklashi. Yote kisiginoni, isogeze kraunwili karibu na pinioni. Yote kidoleni, iondoe. Na usivuke mipaka ya beklashi ili tu upate picha nzuri. Ikiwa beklashi sahihi haikupi alama nzuri, kimo cha pinioni bado hakijakaa.

Ukibadilisha shimu beklashi nayo hubadilika, kwani pinioni ikiingia ndani mchezo hupungua. Rudisha beklashi mahali pake kabla ya kupaka rangi tena, la sivyo unalinganisha vitu viwili visivyolingana. Shimu za Toyota hupanda kwa hatua za karibu 0.03 mm, na hatua moja mara nyingi haionekani kwa macho. Mimi hupiga hatua kubwa, kama 0.10 mm, nikiona doa limevuka likaenda upande wa pili najua jibu liko katikati, nagawanya nusu. Ni haraka kuliko kwenda hatua mojamoja kwa woga.

Hayo yote ni kwa meno mapya. Meno ya zamani, yawe ya gari lenyewe au ya mtumba, yana sheria yake. Yameshasuguana yakachonga njia yao, na njia hiyo ndiyo yanayoijua. Ukiyapanga upya ili rangi ipendeze katikati, unayakutanisha mahali yasipozoeana, na gari litatoka likilia kuliko lilivyoingia. Kama unabadilisha beringi tu, rudisha kimo kilekile na beklashi ileile uliyopima kabla ya kubomoa, hata kama imepita kiasi cha kitabu kidogo. Ukilazimika kusoma alama, upande wa kuachia una ukweli zaidi kwa sababu haujalika sana. Mteja wa matatu hapendi kusikia haya. Anataka mtumba wa bei ya chini na ukimya wa gari jipya. Mwambie mapema, kabla hajalipa.

Alama ikikubali, fungua kwa mara ya mwisho uweke vitu vya kudumu: beringi mpya kwa presi, slivu mpya, oili sili mpya, oili kidogo kwenye beringi. Flanji ishikiliwe kwa chuma bapa kirefu chenye matundu mawili ya bolti, maana slivu hii ina nguvu na nati itakutaka nguvu zote za mkono. Kaza kidogo, zungusha pinioni mara kadhaa beringi zikae, pima. Kaza tena kidogo. Kwa muda mrefu hutaona chochote, kisha ghafla slivu inaanza kubonyea na kila kugeuza nati kidogo kuna maana.

Ukazo wa pinioni hupimwa kwa nguvu inayohitajika kuanza kuizungusha. Kwa beringi mpya difu hii hutaka 1.9 hadi 2.5 Nm, kwa beringi zilizotumika karibu nusu yake. Torki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ya vipimo vidogo hivyo ni adimu huku kwetu, kwa hiyo tumia mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo ya ndege. Zungushia kamba kwenye flanji, ivute kwa mizani, soma kilo pale inapoanza kusogea. Zidisha kilo kwa nusu-kipenyo cha flanji kwa mita, kisha zidisha kwa 9.8. Flanji yenye nusu-kipenyo cha sentimita 5 ikivutwa kwa kilo 4 inakupa karibu 2 Nm, na hapo umefika. Fanya hivyo kabla kraunwili haijarudi ndani. Ukipitiliza, usirudishe nati nyuma ukidhani umesawazisha; slivu iliyobonyea hairudi, na nati iliyolegezwa itaachia pinioni ikacheza. Toa, weka slivu nyingine. Kwa sababu hiyo mimi hununua mbili tangu mwanzo.

Rudisha kraunwili, pima beklashi, paka rangi kwa mara nyingine kuthibitisha. Beringi mpya kwa presi zinaweza kukaa tofauti kidogo na ile ya majaribio.

Kabla ya kufunga, osha hausingi mpaka kitambaa kitoke safi, na uzibue kipumulio kilicho juu ya ekseli. Kikiziba, joto linaongeza shinikizo na oili inatafuta njia kwenye sili, halafu utaambiwa hukuweka sili vizuri. Oili iwe ya hipoidi (ya gia za difu zinazoteleza), daraja la GL-5, 80W-90. Ya gia ya GL-4 haiwezi msuguano wa meno haya, ambayo pamoja na kubingirika huteleza. Gari likiwa sawasawa chini, jaza mpaka ianze kudondoka kwenye tundu la kujazia.

Meno mapya hayaendi kazini siku hiyohiyo. Mimi hutoka Outer Ring, naingia Thika Road na kwenda kwa mwendo wa wastani hadi Juja, nikikanyaga na kuachia kwa upole ili nyuso zote mbili zipate zamu. Huko nasimama chai ipoe na difu ipoe, mpaka mkono ukae juu ya hausingi bila kuungua, ndipo narudi. Joto la kwanza ndilo linaloua meno mapya, hasa abiria kumi na wanne wakipakiwa kabla ya wakati. Kwa siku za mwanzo hakuna kuvuta trela wala kupanda milima na mzigo kamili.

Baada ya kilomita 800 hivi, mwaga oili hiyo ya kwanza. Kwenye sumaku ya nati ya chini utakuta tope laini la kijivu lisilokwaruza ukilisugua kati ya vidole. Hilo ni la kawaida, futa, jaza oili mpya. Ukihisi chembe zinazochoma ngozi au ukaona vipande vinavyong'aa, funga nati na uniite kabla gari halijarudi stendi.